Mkunjo Katika Chapa ya Aabo

Vijana wa hapa Garissa huniuliza ni programu gani ya kompyuta inayofaa kuchorea nembo. Wananiuliza mimi kwa sababu hakuna mwingine wa kuulizwa. Diploma yangu niliipata Nairobi kwa jasho langu, nikiosha sahani katika hoteli za Islii mchana na kusoma jioni, bila mjomba serikalini wala barua ya mheshimiwa. Niliporudi nyumbani nilikuwa nazitumia programu ambazo wengine walizijua kwa kusikia tu. Kwa hiyo huwajibu, na huwajibu vizuri. Ila kuna moja ambayo siitaji.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kurudi niliipata kwa dada yangu. Ngamia wetu walikuwa wamekufa wote kwa ukame, naye, badala ya kukaa akilia, alianza kununua maziwa ya ngamia kwa wafugaji wa ng'ambo ya mto na kuyapeleka Islii kwa basi la alfajiri. Mitungi ya akina mama wote wanaouza maziwa ilifanana. Alitaka yake iwe na stika, na kwenye stika iwe chapa ya ngamia wa baba yetu, ile iliyokuwa ikichomwa kwa chuma shingoni mwa kila ndama.

Chuma chenyewe kilichukuliwa na mafuriko ya Tana pamoja na nyumba tuliyozaliwa. Ngamia hawakuwapo tena. Chapa ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, mkononi mwa Aabo, baba yetu.

Alifurahi kuombwa. "Imekosa ngozi," alisema, "basi ipate plastiki." Aliinama uani akaichora mchangani kwa kijiti, taratibu: mstari mrefu wa wima, mwingine ukiukata, na kwenye ncha ya chini ya ule mrefu mkunjo mdogo. Nikaipiga picha kwa simu. Kabla sijainuka, mbuzi wa jirani walikuwa wameshapita juu yake.

Ikaja zamu ya kuchagua programu. Ile ya simu niliidharau, ni ya kadi za harusi. Kila kitu kimechorwa tayari na watu wasiokujua. Kulikuwa na ya bure, ngumu, ambayo unaweka kila nukta mwenyewe wala haikusaidii kwa lolote. Na kulikuwa na ya kulipia, wanayoitumia mabingwa wa Nairobi. Hiyo unaipa picha, inautafuta mstari yenyewe, inaunyoosha, inalinganisha pande mbili mpaka mchoro unakaa kama umekatwa kwa wembe, na hata ukiukuza uenee ukuta mzima haufifii. Nilichagua hiyo. Nani mwenye diploma angechagua nyingine?

Ilinyoosha kila kitu. Mkunjo iliuacha kama uvimbe, nami nikaufuta. Ndama walipokuwa wakichomwa mimi nilikuwa shuleni, chapa sikuwahi kuiangalia vizuri. Nilidhani naelewa ulikotoka: Aabo alikuwa mzee, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Niliona namsitiri. Baadaye simu ilijaa, nikafuta picha za zamani, ile ya mchangani ikiwemo. Mchoro safi ninao. Wa mchangani wa nini?

Ijumaa baada ya swala nilimpelekea Aabo rundo la stika, dada akiwapo. Aabo alishika moja, akaitazama kwa mbali, akaisogeza karibu. Nikaanza kumweleza habari za mizani ya mchoro. Alisubiri nimalize.

"Nani alikuambia tumerudi kwao?"

Sikuelewa. Dada alielewa kwanza, akazikusanya stika na kuzigeuza kifudifudi. Aabo akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba chapa isiyo na mkunjo ni ya nyumba ya ami yake. Babu yetu na kaka yake walikuwa na chapa moja mpaka walipogombana kwa ajili ya kisima. Babu alipoondoka na ngamia wake alipita kwa mhunzi akapindisha ncha ya chuma. Tangu siku hiyo, kila kilichokuwa chetu kilijulikana kwa ule mkunjo.

"Aabo, nilidhani mkono ulitetemeka."

"Mkono wangu hutetemeka nikishika kikombe. Nikichora chapa hautetemeki." Akanirudishia stika. "Na hiyo kompyuta yako, haikukuuliza?"

"Walaal, ndugu yangu," dada akaniambia, "hata mwizi wa ngamia huangalia chapa kwanza."

Aabo alicheka. Mimi sikuweza. Akaniambia niitazame tena ile picha ya simu nirekebishe, maana kwa msomi kama mimi si kazi kubwa. Nikasema sawa.

Hapo ndipo ningesema. Yalikuwa maneno machache tu: nimeifuta, chora tena. Mchanga ulikuwa pale, naye alikuwa ameketi mbele yangu. Lakini mimi ndiye niliyerudi na cheti, ambaye baba yangu alimtaja kwa majina ya sifa msikitini, na nilikuwa nimeshaaibika mara moja siku hiyo. Nikajiambia nitamwomba Ijumaa ijayo, kana kwamba nataka kulinganisha tu.

Jumatano kifua kilimbana. Alifariki hospitalini kabla ya adhuhuri, na magharibi ilitukuta tumeshamzika.

Fundi wa simu sokoni alijaribu kuirudisha ile picha, akashindwa. Watu wa nyumba ya ami wanajua tu kwamba yetu ilikuwa na mkunjo. Ulielekea kichwani au mkiani? Ulikuwa mkali kama ndoana au ulilala kama mundu? Niliichukua ile programu ya bure isiyosaidia, nikachora nukta kwa nukta, nikamwonyesha dada. Yeye ndiye aliyekuwa akishika kamba ndama wakichomwa. Anachokumbuka ni harufu ya manyoya. "Labda hii," alisema. Siku ya pili nilimwonyesha nyingine, naye akasema labda hii. Siku ya tatu alikifunika kioo kwa kiganja chake.

"Weka jina tu, walaal."

Niliweka jina. Herufi nilizichagua vizuri, na wateja wa Islii wanazisifu. Ile ni kazi nzuri, sioni haya kusema hivyo. Lakini ndani ya kompyuta yangu kuna mikunjo mingi sana, na mmoja kati yake huenda ndio wetu. Nimeshaupitia mara nyingi bila kuutambua.