Nilivyomharibia dada yangu wimbo nikitaka aingie kwenye chati

Wakuu, kwema huko mliko? ID hii ni mpya kwa sababu ile ya zamani ndugu zangu wanaijua. Nitakayoandika ni kweli tupu, na mwenye kosa ni mimi.

Miaka ile ya rashi ya dhahabu, watu walipomiminika machimboni, nilikuwa na kibanda Matongo. Kazi yangu ilikuwa kuwawekea wachimbaji nyimbo kwenye memory card. Mtu anatoka duarani, kule shimoni, na vumbi lake, anaacha simu, anaenda kula, akirudi inaimba.

Dada Ghati, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa anaimba.

Kaka yake alifukiwa na duara, wakamtoa siku ya tatu akiwa maiti. Dada akatunga wimbo wa Kikurya, mama amekaa juu ya shimo anamwita mwanae. Akaurekodi studio moja ndogo pale Nkende.

Nikauweka kwenye kila memory iliyopita mikononi mwangu. Haikuchukua muda ukawa unapigwa kwenye makarasha ya kusagia mawe, kwenye bodaboda, mpaka kwa ndugu zetu ng'ambo ya mpaka pale Sirari. Nimeona wanaume wazima wakiinamisha vichwa.

Sasa kuna redio moja ilikuwa na chati ya kila wiki. Zamani wasikilizaji walipiga simu na kutuma meseji. Wakabadilisha, wakaanza kuangalia streams, yaani wimbo umesikilizwa mara ngapi mtandaoni.

Dada akaenda kuulizia. Mtangazaji alimjibu kwa heshima tu, kwamba mtaani anasikika ila mtandaoni hayupo, na wao wanapanga kwa kinachoonekana.

Tukaupandisha mtandaoni. Wiki tatu, wasikilizaji hawajazi hata darasa moja. Wachimbaji walikuwa nao tayari kwenye simu, wamalize bundle wakitafuta nini?

Hapo ndipo nikajitia mjanja. Nilikuwa na simu saba chakavu pale kibandani. Nikaziunga bundle, nikazima sauti, zikawa zinarudia wimbo ule kutwa nzima. Dada sikumwambia.

Namba zikapanda. Ijumaa moja akatajwa nafasi ya kumi na nane. Mama mkubwa akachinja kuku. Dada alilia, akasema sasa kaka yake amesikika.

Na mimi nikaila ile nyama, wakuu.

Baada ya wiki mbili mtandao ukagundua mchezo. Wimbo ukafutwa, account ikafungwa. Redio nayo ikamtoa. Mtangazaji akasema hewani kwamba kuna wasanii wanatengeneza namba za uongo, akamtaja kwa jina.

Dada alikuja kibandani mchana. Hakukaa.

"Mdogo wangu, ni wewe?"

Nikamjibu ndiyo.

Akasema, "Watu walikuwa wanamlilia kaka. Sasa wananicheka mimi."

Tangu siku hiyo hajaimba, hata kanisani.

Mwaka jana tulikuwa na msiba Mbalibali. Wazee wakamwomba aimbe, akatikisa kichwa. Mchimbaji mmoja akatoa simu, akaupiga wimbo wake kutoka kwenye memory. Wengine wakalia. Dada akanyanyuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka ulipoisha.

Nilichojifunza ni hiki. Zile namba hazikuwaona watu wetu, na hilo liliniuma. Lakini uongo wangu ndio uliomnyang'anya hata heshima aliyokuwa nayo bila chati.

Kama humu kuna anayesambaza muziki, account iliyofungwa hivi inarudi? Na wengine, mngekuwa mimi mngeanzaje kuongea naye? Hata mkinitukana, nitasoma.