Hodi Mlango wa Chini

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mjini Tabora, na woga sikuzaliwa nao. Kwa hiyo mwaka ule tulipoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara upande wa Tura, na mama mkwe akagoma kuliacha pango lake la mawe ya chokaa, nilijua kazi ya kumshawishi itaniangukia mimi.

"Huko mtakunywa vumbi," alisema.

Hakukosea. Kijiji kipya hakikuwa na maji, na sisi tulikuwa na kijito kilichopita ndani ya pango. Mwenyekiti alimbembeleza, akamtisha, akachoka. Ilibaki tuhame tumwache peke yake, na hilo liliniuma sana.

Nikamwambia wifi yangu, "Maji haya hayaishii humu. Lazima yanatokea mahali."

Kwao pango haliingiwi hivi hivi. Unapiga hodi, unanyunyiza unga wa mtama, unasubiri kidogo. Na mlango uliopigia hodi ndio wa kutokea. Mama mkwe alitupigia hodi, akaketi pale pale kutungoja.

Tulifunga kanga juu ya magoti, taa ya chemli mkononi, tukafuata maji. Yalikuwa baridi, popo wakitupita masikioni. Tuliipita milango miwili tuliyoijua, tukaendelea kwa kutambaa, wifi akilalamika njia nzima. Mwisho tukaona mwanga. Nilipenyeza kichwa kwenye kichaka, na mbele yangu, karibu kabisa, likang'aa bati la ghala la kijiji kipya.

Wifi alitaka kuruka nje akapige vigelegele. Nilimkamata kanga.

"Mama yako anatungoja juu," nikamwambia. Tukarudi kule kule tulikotoka, naye amenuna.

Tulimkuta alipoketi. Nikamweleza yote. Hakutabasamu.

"Mmetokea huko?"

"Hapana, mama. Tumechungulia tu."

Alitutazama tulivyojaa matope, kisha akaenda kupika.

Asubuhi alibeba mtungi na unga wake, akatutangulia kwa njia ya juu mpaka kwenye kile kichaka. Mume wangu alikifyeka. Mama mkwe akanyunyiza unga, akapiga hodi, akasubiri kama kawaida yake.

Kisha akanigeukia. "Mwambie mumeo, nyumba yangu ya hapo kijijini mlango wake utazame huku."