Dawa ya Mbwa Mdomoni mwa Mshenga

Jamani, nawasimulia lakini aibu yake ningali nayo mwilini. Siku hiyo nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Twaha, napeleka posa Dunda, nimeshavaa kanzu nyeupe (nimeipiga pasi mwenyewe), natoka tu hapa Zinga, ndipo nikamwona Jabali, mbwa wetu wa kulinda kuku, kachanwa shavu na paka. Kidonda kidogo, ila nzi walishaanza kumwandama, nikasema nimtibu kwanza, dakika mbili tu.

Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akatulia, kisha nikachukua ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau, na kwa kuwa mkono mmoja umemshika mbwa, kizibo nikakivuta kwa meno. Nikampaka, nikanawa, nikaikagua kanzu, haina hata tone, nikajisifu. Dereva wa bodaboda alinitazama mara mbili (nikadhani kanzu imempendeza).

Ukweni wakanikalisha jamvini. Bibi yake binti, Bi Mwanaidi, akanikazia macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mdomo una nini?"

Nikajilamba, nikaonja uchungu, nikajua. Hapo ningesema kweli, lakini mbwa nitamtajaje mbele ya wakwe? Nikasema, "Nimekula zambarau njiani."

"Zambarau? Mwezi wa sita huu?"

Shangazi yake binti, aliyekuwa akimimina kahawa, akaacha. Jasho likanitoka, nikaeleza yote, paka, mbwa, kizibo, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu, mpaka mtu akauliza kama mkono niliowapa ndio uliomshika mbwa. Wakanipeleka uani nikanawa mara saba, moja kwa udongo, wanawake wananichungulia dirishani wameziba vinywa.

Niliporudi, Bi Mwanaidi akasema kwa upole, "Mbwa si kosa, baba, kumhurumia mnyama ni thawabu. Lakini mshenga anayetudanganya juu ya tunda, tutamwamini vipi akimsifu kijana?"

Posa nikarudi nayo. Wiki iliyofuata Twaha akamtuma mdogo wangu, akakubaliwa kabla kahawa haijapoa, na siku ya harusi mimi nikapangiwa kupanga viatu vya wageni mlangoni. Jabali alikuwa kashapona zamani.

Tangu hapo nimeapa: mkwe akiniuliza, namjibu kweli mara ya kwanza, maana kweli ya mara ya pili haina mwenye kuiamini.