Sheria ya simu niliitunga mimi

Leo kwaya yetu hapa Rongo imeimba bila mimi, na sheria iliyoniketisha niliitunga mwenyewe.

Simu ikilia mazoezini, Sabato hiyo huimbi.

Asubuhi tukipasha sauti kabla ya ibada, simu ikalia. Kila mtu akamwangalia mwenzake.

Ilikuwa yangu.

Mamangu, kutoka Sori, anauliza kama omena, dagaa wa ziwani, alizotuma zimefika.

Mwalimu wa kwaya akasema, "Ni mama tu. Hiyo tusihesabu."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilitamani kukubali, siwadanganyi. Lakini Atieno, mwimbaji mwenzangu, alikuwa ananiangalia. Mwezi uliopita nilimketisha kwa kosa hilo hilo, na yeye alipigiwa kuhusu mtoto mgonjwa.

Nikavua skafu ya kwaya, nikaenda kukaa na waumini.

Sehemu yangu ya kuongoza akapewa Atieno.

Jamani, kumbe anaimba hivyo? Miaka yote tumesimama bega kwa bega na sijawahi kumsikia, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa napiga kelele.

Baada ya ibada nikamwomba msamaha, halafu nikamwambia, "Sabato ijayo uongoze tena."

Akacheka. "Kwani simu yako italia tena?"

"Hapana. Nitakuwa nimeizima."