Wasia wa Vitu Visivyo Vyake

Mama yangu alipofika umri ambao daktari hamuulizi tena mgonjwa, anamuuliza aliyemleta, alianza kunisumbua kwa swali moja: akifa, atazikwa wapi? Nilimjibu kama mtu wa mjini, kwamba makaburi yapo na watu wanazikwa kila siku. Akaninunia siku mbili.

Nilistahili. Baba yangu amelala juu milimani kwa ndugu za mama yake, kwa sababu kwetu Waluguru mtu ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na akifa anarudi huko. Mume kwake, mke kwake. Sasa mama alifiwa na mama yake akiwa mdogo hata hamkumbuki sura. Baba yake akamleta Morogoro mjini, akaoa mwanamke mwingine, kisha baba mwenyewe akafariki mtoto akiwa darasa la pili. Mama wa kambo alimlea vizuri tu, ila kila mtoto alipomuuliza kwao ni wapi alijibu, "Huko milimani." Milima ya Uluguru unaijua ilivyo. Ni sawa na kuambiwa mtu wako yuko Tanzania. Kwa hiyo mama amezeeka, ana watoto watano na wajukuu hata hawahesabu tena, lakini hana kwao.

Kitu kimoja tulikuwa nacho. Yule mama wa kambo alizoea kusema kwamba babu, kabla ya kufa, aliita mwalimu wa madrasa akamwandikia wasia. Niliamua kuutafuta. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina muda na nina hasira za karibu, na kutafuta karatasi za zamani kunahitaji vyote viwili.

Nilianzia mahakamani. Karani akaniambia nilete namba ya shauri la mirathi. Nikamuuliza, kama ningekuwa na namba ningekuja kwake kufanya nini? Akaenda kunywa chai. Msikitini walinipokea kwa heshima, wakanionyesha vitabu vya ndoa, wasia hakuna. Nikahamia kwa wajomba zangu, watoto wa babu kwa yule mke wa pili. Mmoja alikuwa na mkoba wa babu, ameuhifadhi juu ya kabati. Tuliufungua kwa bismillahi na matumaini makubwa. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya kichwa, leseni ya redio, na miwani yenye kioo kimoja. Miezi minane ilipita hivyo. Mama alikuwa anazidi kukonda, na kila nikirudi ananitazama mikononi kabla ya usoni.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa milimani anayeniletea mboga asubuhi. Nilikuwa namlalamikia kwamba nimemaliza watoto wote wa babu. Akatua ungo chini.

"Dada, marehemu unamtafuta kwa watoto wake? Watoto wake si wa ukoo wake. Mpwa wake alikuwa nani?"

Niliona aibu ya kweli. Mimi Mluguru mzima, nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, nikasahau kwamba mtu wa zamani mrithi wake ni mtoto wa dada yake. Fomu zote nilizojaza maishani zimeniuliza jina la baba na jina la babu, na akili yangu ikajipanga hivyo hivyo. Karatasi ya babu isingekaa kwa wanawe hata siku moja. Ingeenda kwa mpwa.

Mpwa mwenyewe alishafariki, lakini binti yake yuko Dumila, anauza vitunguu na mchele pale barabarani. Nilipanda basi stendi ya Msamvu asubuhi, saa nne niko kwake. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia, tukasalimiana kiukoo mpaka tukapatana. Nilipotaja wasia hakushtuka. Aliniomba nimwangalizie vitunguu, akaenda ndani, akarudi na bati la biskuti lililokula kutu. Alisema baba yake alimkataza kulifungua, ila hakumkataza kumpa mtu. Nikamuuliza kwa nini alikatazwa. Akasema nikisoma nitajua, na kwamba yeye kwa lile jambo hana uso.

Karatasi ilikuwa moja, imekunjwa mara nne, maandishi ya Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili. Mimi herufi zile nazijua kwa kusali tu, si kwa kusoma mambo ya watu. Nikampelekea mwalimu wa madrasa mtaani kwetu, akaisoma polepole huku kidole kikifuata mstari, mama amekaa mkekani pembeni. Mimi nilisubiri kusikia babu kaacha nini. Babu hakuorodhesha kitu chake hata kimoja. Alisema kwamba deni hana, amana anazo mbili.

Ya kwanza ilikuwa shamba la Mlali. Alisema si lake, alipewa kulima na wakwe zake, kwao na mke wa kwanza. Michungwa aliyoipanda pale anawaachia wenye ardhi. Akautaja ukoo wenyewe, na jina la mwanamke aliyekuwa mkubwa wa ule ukoo. Mwalimu akamtazama mama, kisha akaendelea:

"Amana ya pili ni mtoto wangu wa kike. Huyu ni wa kwao. Niliwaomba nikae naye mpaka apate akili. Nikifa, mpwa wangu amrudishe yeye na shamba kwa pamoja, siku hiyo hiyo moja."

Hapo nikaelewa kwa nini bati lilifungwa. Kumrudisha mtoto ni kurudisha michungwa, na mpwa aliipenda ile michungwa. Aliivuna mpaka miguu ikamwishia. Nilimtukana marehemu yule mbele ya mwalimu wa dini, na sijaomba radhi. Mama aliiomba ile karatasi, akaishika tu, maana herufi zile hawezi kuzisoma.

Wiki ile ile nilikodi gari tukaenda Mlali. Ukoo uliotajwa haukuwa na haja ya kutafutwa, kila mtu aliujua. Tulipokelewa na bibi mmoja mfupi, mtoto wa mama mkubwa wa mama yangu, ambaye kwa hesabu yetu ni dada yake kabisa. Nilimsomea nakala niliyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema walimuuliza yule mpwa zaidi ya mara moja, akawaambia mtoto amepelekwa pwani na mama wa kambo, haijulikani wapi, na shamba analishika mpaka apatikane. Kisha akamshika mama mkono, wakaenda taratibu nyuma ya nyumba, akamwonyesha kaburi la mama yake na nafasi iliyo wazi kando yake.

Nilishusha pumzi. Niliwapigia simu ndugu zangu wote wanne, nikawaambia kazi imekwisha, mahali pa kumzika mama pamepatikana. Nilijisikia mwanamke hodari.

Baada ya alasiri wingu likaanza kushuka, nikamwambia mama tuondoke kabla ya mvua. Nilimkuta amevua viatu, anapukuchua maharage na dada yake.

"Niende wapi?" akauliza.

Nikamwambia nyumbani, kuna dawa za jioni, na Jumatatu ana kliniki. Hakuinua uso kutoka kwenye maharage.

"Soma tena hiyo karatasi yako. Imesema nirudishwe. Haikusema nizikwe."

Nilibisha. Nilimwambia hapa ni mbali na hospitali, choo ni cha nje, baridi itamuua. Nilimwambia mimi ndiye niliyemuuguza miaka yote hii, na hapo nikaacha kubisha, maana nilikuwa nimefika kwenye ukweli: nilimtafutia kaburi, sikuwahi kufikiri kumtafutia kwao. Dada yake alinyanyuka, akaniletea bahasha ya zamani na kalamu, akaniuliza kwa upole ipi inamezwa kabla ya chakula na ipi baada. Nikaandika kwa herufi kubwa, machozi yananidondokea juu ya majina ya dawa, ikabidi niandike upya. Kisha nikamwachia mama mkoba wake, nikapanda gari peke yangu.