Mama wa Kambo Kwenye Filamu Bubu

Ambulensi ilimchukua mume wangu Jumatano asubuhi, nikabaki na binti yake wa miaka tisa. Tulikuwa tumeoana miezi saba tu. Mama mzazi wa mtoto alishafariki. Mimi, niliyetoka Tanga kuja huku ughaibuni bila kuwahi kulea, ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kumsuka. Aliniita anti. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, tukaelewana hivyo hivyo.

Korona mume wangu aliipata kazini, kwenye ghala huko Wetherill Park. Sisi wawili tulipimwa tukaonekana hatuna, lakini tuliamriwa kukaa ndani siku kumi na nne, tusitoe mguu.

Jumamosi mchana nilimpa kompyuta ili atulie. Alichagua filamu ya zamani sana, isiyo na sauti. Nilipotoka jikoni na kuketi karibu naye, baba kwenye filamu alikuwa ameshazikwa, na mama wa kambo anamwonyesha mtoto mlango kwa kidole. Nje theluji inaanguka. Midomo ya yule mwanamke ilikwenda mbio, na hakuna lililosikika.

Nikanyoosha mkono niizime.

"Acha," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Baba akifa, nitakaa na nani?"

Nilipaswa kujibu pale pale. Lakini viza yangu ilikuwa inamtegemea baba yake, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyonitaja mimi kuwa mama wa mtoto huyu. Nikasema, "Baba hafi." Silo aliloniuliza.

Jumapili asubuhi hospitali wakapiga simu: amehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Nilimuuliza nesi, "Na huyu mtoto itakuwaje? Si wangu kisheria." Nilipogeuka, mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Nilitoka na kandambili, bila barakoa. Kitongoji chetu cha Toongabbie kilikuwa kimya, mitaa mitupu, na kila gari lililopita nililidhania la polisi. Sikuthubutu hata kumwita kwa sauti. Niliwaza reli. Nikakimbilia stesheni, hayupo. Nikamkuta mwishowe mbele ya shule yake, ameshika nondo za geti lililofungwa.

"Mwalimu alisema ukiwa na shida uje shule," akaniambia.

"Leo Jumapili, mwanangu."

"Ulisema mimi si wako."

Nilipiga magoti pale kwenye lami. "Nilisema kwa sababu naogopa. Naogopa kuliko wewe. Sheria siijui, ila utakaa na mimi. Wakija kukuchukua, nitawafuata mpaka huko wanakokupeleka."

Akaachia geti. Tulirudi tukipita kandokando ya nyua za watu. Siku mbili nzima nilishtuka kila mlango wa gari ulipofungwa mtaani. Hakuna aliyekuja.

Mume wangu alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, anapumzika kila hatua tano. Kabla hata hajarudi kazini tulikwenda Fairfield, kwenye ofisi inayosaidia wahamiaji, tukaelekezwa namna ya kuandikisha malezi ya mtoto. Habari ya geti tulimweleza baadaye, kifua kilipomtulia. Alilia. Mtoto akaenda kumletea maji.