Dawati Lililotazama Ukuta

Asubuhi ya mtihani wa kuingia shule ya kati, Nachingwea, alifika bibi kutoka Malolo na mjukuu aliyefunikwa kanga gubigubi. Binti alikuwa unyagoni, na mwali haonwi na wanaume.

"Bibi, lazima nimwone uso nimtambue; ndiyo kanuni ya mtihani," alisema mwalimu mkuu.

"Mwalimu, unasahihisha uso au majibu?"

Wavulana waliokuja kufanya mtihani wakacheka. Mimi, mwalimu wake wa kike, roho ilikuwa juu: msichana mwingine hakuwapo, na huyu akikosa mtihani, masomo yameishia hapo. Mwalimu akakuna kidevu. Akaniomba mimi niliyemfundisha binti nichungulie chini ya kanga kuhakikisha ndiye, kisha akageuza dawati litazame ukuta. Binti akakaa, akafunua macho, akaandika.

Matokeo yametoka: amekuwa wa pili kati ya wote. Mila imebaki mahali pake, kanuni pia. Kilichosogea ni dawati, nami namshukuru aliyelisogeza.